Safari ya Nyahururu: Wakulima Wafuate Maji

Chama cha wakulima kikichanga nauli ya kwenda kutembea, mara nyingi wanachama hutaka kwenda mbali, Nairobi kwenye maonyesho au Mombasa kuona bahari. Si vibaya. Lakini kwa mkulima wa skimu za Ol Kalou, Ol Joro Orok au Ndaragwa, iko safari ya karibu ambayo yaweza kumfaa zaidi, nayo ni ya mji mdogo wa Nyahururu na majirani zake wa pande zote mbili, juu na chini ya mto.

Mji huu umo katika Kaunti ya Laikipia, mpakani kabisa na Nyandarua, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,300, kwa hiyo koti ni lazima. Wazee bado wanauita Thomson's Falls, kwa jina la Mskochi Joseph Thomson aliyepita hapo mwaka 1883. Reli ya kutoka Gilgil ilifika mwaka 1929, na mazao ya mashamba ya walowezi yakasafirishwa kwa njia hiyo.

Msianzie mjini. Anzieni Ziwa Ol Bolossat, kusini ya mji, kati ya milima ya Nyandarua na vilima vya Ndundori. Ndilo ziwa la pekee la asili katika sehemu ya kati ya Kenya. Halina kina kirefu, na penye matope na matete ni papana kuliko penye maji meupe. Viboko wamo, na korongo wenye taji hutaga humo. Mwaka 2018 Serikali ililitangaza kuwa ardhi oevu ya kuhifadhiwa. Maji yake hutoka katika chemchemi na vijito vya mlimani, yaani vijito vile vile vinavyopita katika mashamba yetu. Mahali ambapo mkulima amelima hadi ukingoni, mvua ya Aprili huchukua udongo na kuupeleka ziwani, na ziwa likijaa udongo halina nafasi ya kuweka maji. Katika miaka ya ukame limewahi kupungua hata watu wakalisha ng'ombe mahali palipokuwa na maji.

Kutoka ziwani mto Ewaso Narok huelekea kaskazini, huvuka mstari wa Ikweta, halafu huanguka mita 74 kwenye maporomoko ya Nyahururu. Hapo wageni hupiga picha, nanyi pigeni. Njia ya kushuka chini huteleza, basi wazee na wabaki juu. Lakini mtu akisimama pale ajiulize jambo moja ambalo watalii hawaulizi: maji haya yanakwenda kwa nani?

Sokoni hapahitaji muda mrefu. Viazi ni vile vile mnavyovilima. Afadhali mwenye kuuza aangalie mizani na magunia, maana kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50, na mkulima anayekubali kujaza gunia lenye kilemba hujiibia mwenyewe.

Kisha shikeni njia ya Rumuruti. Baada ya mwendo mfupi mtaona mvua imewaacha: miti inakuwa ya miiba, nyasi zinakuwa fupi, na badala ya ng'ombe wa gredi wa maziwa mtakutana na makundi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe wa kienyeji. Huko wanakaa Wasamburu, Waturkana, Wapokot, Wakikuyu na wengine, baadhi wakichunga na baadhi wakilima mboga kando ya kinamasi. Mto ni ule ule. Mbele huungana na Ewaso Nyiro, hupita nchi ya Samburu na Isiolo, na mwisho huishia katika kinamasi cha Lorian.

Huenda mkulima akasema, "Pampu yangu ni ndogo, itamdhuru nani?" Tufanye hesabu. Tuseme pampu inatoa lita 5 kwa kila sekunde. Kwa saa moja ni lita 18,000, na kwa saa 8 ni lita 144,000. Ng'ombe wa kienyeji tumhesabie lita 40 kwa siku. Basi pampu hiyo moja, kwa kazi ya siku moja, imechukua kinywaji cha ng'ombe 3,600. Wakati wa masika mto hausikii. Mwezi wa Februari, pampu 20 zikinguruma pamoja juu ya mto, wa chini huamka akakuta mchanga, na mchungaji aliyekosa maji hupandisha mifugo kuyafuata. Ugomvi mwingi unaoitwa wa kabila, kwa maoni yangu, ulianza na debe tupu.

Ndiyo sababu Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayevuta maji mtoni, na kanuni zinataka ukanda wa kando ya mto uachwe bila kulimwa, kwa kawaida kati ya mita 6 na 30. Mikaratusi isipandwe hapo, maana hunywa kupita kiasi. Mwenye nafasi achimbe bwawa alijaze wakati wa mvua, ili pampu ipumzike kiangazi. Katika skimu nyingi mabwawa ya walowezi bado yapo, yamejaa matope tu, na kuyazibua ni kazi ambayo jirani kumi wakishikana wanaiweza.

Kabla ya kuondoka, katibu wa chama awaandikie mapema watumiaji maji wa upande wa Rumuruti, na chifu wao ajulishwe. Wageni wakifika bila hodi hudhaniwa wamekuja kupima mashamba. Watakaposikilizana, ulizeni mto ulikauka mwezi gani mwaka jana, na siku ngapi, mkaandike. Nanyi waalikeni waje kuona ziwa. Msiende mwezi wa Mei, wakati kila mahali ni kijani na kila mtu ana maji. Nendeni Februari, mkiondoka alfajiri, na kila mtu abebe maji yake ya kunywa.