Kabla ya Kuuza Simu Yako ya Zamani

Simu janja ina kumbukumbu za aina mbili. RAM hushikilia kazi inayoendelea, na simu ikizimwa husahau yote. Hifadhi ya ndani, kama ilivyo kadi ya kumbukumbu, hunasa chaji za umeme katika seli ndogo mno, nazo hudumu humo kwa miaka bila betri. Hilo ndilo huwaponza wengi wanaouza simu zao. Picha iliyofutwa kwenye kadi kwa kawaida huondolewa anwani tu. Yenyewe husalia hadi data nyingine iandikwe juu yake, na zipo programu za kuirejesha. Kadi, basi, usiiuze kamwe. Simu yenyewe iondolee akaunti zako, kisha irejeshe katika hali ya kiwandani: katika simu nyingi za kisasa hatua hiyo hufuta ufunguo wa usimbaji, na data iliyobaki haisomeki tena.