Mtoto akifungwa kwa mtego wake mwenyewe

Uwe Utemini, Singida, au kwingineko, mwanao akikufunga chesi kwa hatua 8 tu, huenda umenaswa na mtego wa Englund, wenye jina la Mswidi Fritz Englund. Mweupe akianza kwa kusogeza askari wa malkia visanduku viwili, mweusi humtoa askari wake aliwe, kisha malkia wake huvamia mapema. Asiyeujua mtego hufungwa haraka. Anayeujua hutulia, na malkia huyo hujikuta peke yake kwa adui.

Hapo machozi huanza. Usimcheke mtoto, wala usimwambie mchezo umemshinda. Rudieni pamoja hatua zote, umuulize: “Ulidhani mwenzako angecheza nini?” Akianza kujibu swali hilo, ameacha kutegemea mtego; ameanza kufikiri.