MTOTO ASIYEKUTAZAMA USONI

Siku moja wakati wa mvua mama mmoja alifika kwetu kutoka upande wa Kabambare. Alisafiri siku tatu nyuma ya kinga ya ndugu yake, na maji ya mto Luama yalikuwa mengi. Mgongoni alimbeba mwanawe wa miaka minne.

Nilimjua mtoto yule. Nilimpima mara ya kwanza alipokuwa na miezi saba. Niliona macho yake yaliyoinuka kidogo pembeni, viungo vyake vilivyo laini, na mstari mmoja tu uliopita katikati ya kiganja. Nikamwambia mama kwamba mtoto ana hali iitwayo Down. Atachelewa kuketi, atachelewa kusema, lakini atajifunza. Maneno hayo yalikuwa kweli.

Alipofika miaka miwili, mama alirudi, akasema, “Munganga, mtoto wangu hanitazami. Namwita, hageuki. Wenzake wakicheza, yeye anazungusha kifuniko cha sufuria tangu asubuhi mpaka jioni.”

Wagonjwa walikuwa wengi mlangoni. Nikamjibu upesi, “Mama, ndivyo walivyo watoto wa namna hii. Vumilia tu.”

Jibu lile lilikuwa baya. Mama aliona jambo la kweli, nami sikumsikiliza. Akarudi nyumbani, na miaka miwili ikapotea. Jamaa wakasema mtoto ana pepo. Wakampeleka kwa mtu aliyemnyima chakula siku nyingi ili pepo atoke. Siku ile ya mvua alipowekwa juu ya mizani, uzito wake ulikuwa wa mtoto wa miaka miwili.

Ndiyo sababu naandika maneno haya, ninyi wazazi na waganga wenzangu msikose kama nilivyokosa mimi.

Mambo mawili katika mtoto mmoja

Hali ya Down si mpya. Daktari John Langdon Down wa Uingereza aliandika habari zake mwaka 1866. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walitangaza sababu yake. Ndani ya mwili wa kila mtu kuna nyuzi ndogo sana za urithi, ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida ni 46. Mtoto mwenye hali ya Down anazo 47, maana uzi wa namba 21 umekuwa mara tatu badala ya mara mbili. Jambo hili hutokea kabla mtoto hajaumbika tumboni. Halitoki katika chakula alichokula mama, wala katika laana, wala katika uzinzi.

Jambo la pili huitwa otizimu. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huliita usonji. Leo Kanner, daktari wa Marekani, aliandika juu ya watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943. Mtoto mwenye usonji huona shida kushirikiana na watu. Hupenda kurudia jambo lile lile, na sauti au mguso mdogo waweza kumtesa sana. Zamani wengine walidhani ni ugonjwa wa wazungu. Lakini mwaka 1978 Victor Lotter aliandika habari za watoto aliowakuta na usonji katika miji ya nchi sita za Afrika, na Kenya ni mojawapo.

Sasa shikeni neno hili: mambo hayo mawili yaweza kukaa katika mtoto mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 alikuwa na usonji. Lakini mwaka 2015 wataalamu wa Uingereza walikusanya kazi nyingi zilizoandikwa, wakakuta dalili za usonji kwa watu wapata 16 katika kila 100 wenye hali ya Down. Kwa wanaume wenye hali iitwayo X dhaifu walikuwa 30 katika 100. Kwa wenye ugonjwa wa mabaka meupe na vivimbe vya ubongo walikuwa 36 katika 100. Basi mtoto akiwa tayari na hali ya urithi, tusiseme, “Tumekwisha kujua shida yake.” Huyo ndiye wa kutazamwa zaidi.

Namna ya kumtambua

Mama atauliza, “Mtoto wangu amechelewa katika kila jambo. Nitajuaje kwamba kuna jambo jingine?”

Ni swali zuri. Usimpime kwa miezi ya mtoto wa jirani. Mpime kwa kukua kwake mwenyewe. Mtoto mwenye hali ya Down peke yake huchelewa, lakini hupenda watu. Hajui maneno, lakini macho yake yanakutafuta. Unapocheka, hucheka. Ukipiga makofi, atajaribu kupiga. Akitaka ndizi, atainyoshea mkono, kisha atakutazama. Lakini akiwa ameweza kuketi na kutambaa, na bado uso wa mama yake ni kama ukuta kwake, hapo pana dalili.

Tazameni hasa mambo haya:

1. Hatabasamu unapomtabasamia, wala hakutazami unapomnyonyesha au kumwogesha.
2. Hageuki aitwapo kwa jina, lakini husikia sauti ya sufuria ya chakula.
3. Hainui mikono ili abebwe, wala hapungi mkono wa kwaheri.
4. Haonyeshi kitu kwa kidole, wala haleti kitu ili nawe ukione.
5. Haigi kazi za watu, kama kutwanga sombe au kufagia.
6. Huzungusha kitu kimoja, au hupeperusha vidole mbele ya macho, kwa muda mrefu kila siku.
7. Alikuwa na maneno au michezo, kisha vikapotea.

Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu. Zikiwa nyingi, tena zikidumu, mleteni. Lakini ile ya saba, hata ikiwa peke yake, mleteni upesi.

Sisi tunalo jaribio jepesi, nanyi mwaweza kulifanya juu ya mkeka. Tia karanga ndani ya kopo, ukalifunge sana mbele ya macho ya mtoto, kisha umpe. Mtoto anayeshirikiana na watu atajaribu kulifungua, atashindwa, atakutazama usoni na kukurudishia. Mtoto mwenye usonji mara nyingi atalitupa. Au atashika mkono wako na kuuweka juu ya kopo kama mtu anayeshika kijiko, pasipo kukutazama hata kidogo.

Kwanza masikio, tena kifafa

Watoto wenye hali ya Down huzibwa masikio mara nyingi kwa maji au usaha. Kiziwi naye hageuki aitwapo. Lakini kiziwi hukutazama sana na kusema kwa mikono. Kwa hiyo masikio yapimwe kabla ya kusema neno la usonji. Macho yapimwe pia, na moyo, na tezi ya shingo, maana hizo nazo humsumbua mtoto huyu.

Mtoto mchanga akiinamisha kichwa ghafula na kutupa mikono, mara moja, mara mbili, mara kumi mfululizo, hasa anapoamka, hiyo si mchezo. Ni namna ya kifafa inayoharibu ubongo. Mvueni nguo mwangani. Mkiona mabaka meupe kama majani madogo juu ya ngozi, mwambieni munganga siku hiyo hiyo.

Tena, wavulana wawili wa mama mmoja wakichelewa kusema, au wajomba zao pia walikuwa hivyo, yafaa kufikiri habari ya X dhaifu. Mama aweza kuipitisha pasipo kujua, naye mwenyewe ni mzima. Asilaumiwe. Munganga Toni Lubala wa Lubumbashi na wenzake waliandika mwaka 2018 orodha fupi ya dalili za kuwasaidia waganga kuitambua.

Kipimo cha kromosomu hatunacho vijijini. Kinshasa wapo wataalamu wa urithi kwenye Chuo Kikuu. Mmoja wao, Aimé Lumaka, pamoja na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba mashine ya kutambua nyuso iliwatambua watoto wa Ulaya wenye hali ya Down kuliko watoto wa Congo, mpaka ilipofundishwa kwa picha za Waafrika. Basi msishangae kama munganga aliyesoma kwa picha za kigeni amekosa kumtambua mtoto wenu. Rudini tena.

Mambo ya kufanya nyumbani

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Anayewauzia dawa hiyo anawaibia. Tena chanjo hazileti usonji. Msiwanyime watoto chanjo. Lakini kuna kazi, na kazi hiyo hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Keti chini, uso wako uwe sawa na uso wake. Akizungusha kifuniko, nawe zungusha cha kwako kando yake, mpaka akuone. Sema maneno machache: “Maji.” “Njoo.” “Bukari.” Ngoja kidogo kabla ya kumpa, apate nafasi ya kukutazama. Siku yake iwe na utaratibu: kuoga, kula, kulala, kila jambo kwa wakati wake. Jambo jipya mwonyeshe kabla. Akilia kwa kelele za sokoni, mtoe, usimpige. Akiwa na kifafa, apewe dawa yake kila siku, wala isiachwe siku anapoonekana mzima. Na homa ikimshika, msingoje kesho, maana malaria kali yaweza kuumiza ubongo.

Mambo ya kukataa

Msimfunge, msimnyime chakula, msimpeleke kwa mfumu, wala msiseme ni mchawi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakataza kumshitaki mtoto kuwa mchawi, na sheria ya watoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu. Nasi wa kanisa tujipime. Katika Injili ya Yohana sura ya 9 watu walitafuta wa kulaumiwa kwa ajili ya kipofu tangu kuzaliwa. Bwana Yesu hakumlaumu yule mtu, wala wazazi wake. Kuombea mtoto ni vema. Kumfungisha kwa nguvu ni kumwumiza.

Mtoto yule wa Kabambare alikaa kwetu majuma sita pamoja na mama yake. Tulimpa uji, tulisafisha masikio, tulicheza na kopo. Siku moja alilirudisha mkononi mwa mama, akamtazama. Kitambo kidogo tu. Mama hakusema neno. Alifungua kopo, akampa karanga. Leo bado hasemi, lakini huenda kisimani akishika nguo ya dada yake, na uzito wake umepanda.

Maswali ya kukumbuka

1. Je, hali ya Down na usonji vyaweza kuwa katika mtoto mmoja?
2. Kwa nini tupime masikio kwanza?
3. Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, tufanye nini?
4. Katika kijiji chako ni mtoto gani anayefichwa nyumbani? Utakwenda lini kumsalimu mama yake?