Mkeka Ulio Hai Katika Maji ya Moto

Watu wengi waendao kuzitazama chemchemi za maji ya moto kando ya Ziwa Bogoria, katika nchi ya Baringo, huinua macho juu. Hutazama mvuke unaopaa na maji yanayoruka kwa kishindo, kisha hutia mayai katika kidimbwi kichemkacho, wakayala na chumvi, wakarudi kwao. Ni wachache wanaoinama kutazama ardhi, penye vijito vinavyotiririka kutoka katika chemchemi hizo kwenda ziwani. Hapo pana utando wa kijani, na mahali pengine wa manjano au wa rangi ya machungwa, ulioshikamana na mawe na tope, wenye utelezi kama mlenda. Aghalabu mtu huukanyaga akidhani ni uchafu.

Utando huo si uchafu hata kidogo. Ni mkeka ulio hai, uliofumwa na bakteria, yaani viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho pasipo hadubini. Kipande kiwezacho kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba kina wakazi wengi kuliko watu wote wa Kenya. Nao hawakurundikana ovyo. Kila kabila lina mahali pake, kazi yake na saa zake, na lililo taka kwa mmoja ni chakula kwa mwenziwe.

Mengi yajulikanayo juu ya mikeka ya namna hii yamepatikana mbali na Bogoria, huko Marekani, katika hifadhi ya Yellowstone, iliyotengwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 1872. Hapo zipo chemchemi za moto, vidimbwi vya tope litokotalo na matundu ya mvuke, jumla yake zaidi ya 10,000. Chemchemi mbili, Octopus Spring na Mushroom Spring, zimechunguzwa kwa miaka mingi kama vile mganga amchunguzavyo mgonjwa, mchana na usiku.

Mtu aliyeanzisha kazi hiyo ni Bwana Thomas Brock, mtaalamu wa bakteria wa Chuo Kikuu cha Indiana. Alipita Yellowstone mwaka 1964 kama apitavyo mgeni yeyote, akashangazwa na rangi za vijito. Siku zile wataalamu waliamini kwamba maji yakikaribia kuchemka hayana kitu chenye uhai ndani yake. Bwana Brock hakubishana nao kwa maneno. Alifunga vipande vya kioo kwa uzi, akavitumbukiza katika maji yachemkayo, akaviacha humo kwa siku kadhaa. Alipovitoa na kuvitia chini ya hadubini, aliviona vimeota bakteria. Mwaka 1966, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua kutoka Mushroom Spring bakteria mmoja wa rangi ya manjano, asitawiye vizuri katika joto la digrii 70 za Sentigredi, wakamlea katika maabara. Mwaka 1969 walimpa jina, Thermus aquaticus. Habari zake zitarudi hapa chini, kwa kuwa zina fedha ndani yake.

NGAZI YA JOTO

Maji yatokayo katika jicho la chemchemi hupoa kadiri yanavyokwenda, na kila hatua ya kijito ina joto lake. Mkulima wa Kenya hatashangaa kusikia kwamba kila joto lina mazao yake. Chai husitawi Limuru na Kericho, mahindi Kitale, na mtama katika nchi za chini zenye jua kali. Hakuna mwenye akili apandaye chai Garissa. Tofauti ni kwamba katika kijito cha maji ya moto safari yote hiyo, kutoka Limuru hadi Garissa, humalizika kwa hatua chache za mguu.

Karibu na jicho, penye digrii 80 na zaidi, hapana kijani. Hapo huonekana nyuzi za rangi ya waridi au nyeupe zikipeperuka majini, nazo ni bakteria wasiotegemea jua, bali wapatao nguvu kutokana na vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Maji yakipoa hata kufika digrii 73 hivi, kijani huanza. Huo ndio mpaka. Juu ya joto hilo hakuna kiumbe yeyote ajulikanaye duniani awezaye kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wakazi wa kwanza baada ya mpaka ni sianobakteria, jamaa wadogo wa kijani ambao hufanya kazi ile ile ifanywayo na jani la mhindi: hunasa nuru, huchukua hewa ya kaboni, hutengeneza sukari na kutoa oksijeni. Hata hao si wa namna moja. Wako wanaopenda digrii 70, na wako ndugu zao wanaopenda 60 au 55, wala mmoja hasitawi vema akihamishiwa kwa mwingine, ingawa chini ya hadubini wote hufanana kama punje za mtama.

Maji yakiisha kupoa karibu na digrii 40, inzi wadogo hutua juu ya mkeka, wakaula na kutaga mayai humo. Inzi nao huliwa na buibui. Hivyo katika kijito kilicho kifupi mtu huona malisho, mifugo na chui, kila kitu kwa umbo dogo.

MCHANA NA USIKU

Mkeka ukikatwa kwa kisu huonyesha tabaka, mfano wa keki. Tabaka ya juu, yenye unene wa milimita moja au mbili, ni ya kijani. Chini yake ipo ya rangi ya machungwa au nyekundu, na chini zaidi rangi hufifia, kwa kuwa humo mna mabaki ya vizazi vilivyopita yanayooza polepole. Wakazi wa tabaka ya machungwa hutumia nuru ambayo wa juu hawaihitaji, ile nyekundu mno isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, inayopenya hadi chini. Ni kama maharagwe yaliyopandwa kati ya mahindi, yakajipatia riziki katika kivuli.

Jua linapowaka, watu wa kijani hufanya kazi kwa bidii hata mkeka hujaa oksijeni kupita kiasi, na vipovu huonekana vikipanda. Jua likizama, mambo hugeuka upesi mno. Kwa muda wa dakika chache tu oksijeni yote huliwa, na mkeka huwa kama shimo lililozibwa. Hapo sianobakteria huishi kwa akiba waliyoweka mchana, wakiichachusha kama ichachukavyo pombe ya wimbi, na takataka za uchachu huo huwa chakula cha jirani zao wa chini. Wengine katika tabaka ya machungwa hupanda juu kwa kujikokota, wakitafuta oksijeni kidogo iliyobaki penye maji.

La ajabu zaidi ligunduliwalo ni hili. Kila mkulima aliyefundishwa na bwana shamba ajua kwamba maharagwe na kunde huipa ardhi mbolea ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria wakaao katika vifundo vya mizizi. Mwaka 2006 wataalamu walionyesha kwamba sianobakteria wa Octopus Spring nao huweza kuinasa naitrojeni ya hewa. Kazi hiyo haipatani na oksijeni, kwa sababu oksijeni huharibu chombo cha kuifanyia. Basi bakteria yule yule, ambaye mchana hutoa oksijeni, hungoja giza liingie na oksijeni iishe, ndipo akaanza kutengeneza mbolea. Ana mwili mmoja tu, usio na chumba cha pili, akatatua shida yake kwa kugawa saa. Makarani wenye zamu mbili wataielewa habari hii pasipo maelezo.

SENSA ISIYOKWISHA

Zamani, ili kumjua bakteria, ilipasa kwanza kumfuga katika chupa. Wale waliokataa kufugwa hawakuhesabiwa. Mwaka 1990 Bwana David Ward na wenzake walichukua njia nyingine: hawakufuga mtu, bali walisoma maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mkeka wa Octopus Spring. Matokeo yake yalikuwa ya kutahayarisha. Katika aina walizosoma, hakuna hata moja iliyolingana na bakteria waliokwisha fugwa na kuandikwa vitabuni. Miaka zaidi ya 20 ya kazi ilikuwa imewaandika wageni wachache, huku wenyeji hasa wakiachwa nje ya daftari. Tangu hapo sensa imeendelea, na mwaka 2007 alipatikana katika mikeka hiyo bakteria anasaye nuru wa ukoo ambao haukudhaniwa kabisa kuwa na watu wa kazi hiyo.

Sasa habari ya fedha. Kila kiumbe hutumia vimeng'enya kufanyia kazi za mwili, na vya Thermus aquaticus haviharibiki katika joto kali. Bwana Kary Mullis wa Marekani alipobuni mwaka 1983 njia ya kunakili DNA mara mamilioni, alikuwa na shida moja: sharti DNA itiwe katika joto la digrii 94 au 95 katika kila mzunguko, na kimeng'enya cha kawaida hufa hapo. Kile cha bakteria wa Mushroom Spring hakikufa. Njia hiyo ilimpatia Bwana Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na haki zake ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Vipimo vya ugonjwa wa korona vilivyofanywa hospitalini tangu mwaka 2020 vilitegemea njia hiyo. Hifadhi ya Yellowstone, alikotoka bakteria mwenyewe, haikupata senti katika mauzo hayo.

Jambo kama hilo liliigusa Kenya. Mwaka 2004 palizuka malalamiko kwamba vimeng'enya vya bakteria waliochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa vilikuwa vikiuzwa ng'ambo, vitumiwe katika sabuni za kufulia na katika kupausha nguo za jinzi, pasipo nchi kupata fungu lake. Mwaka 2006 serikali ilitoa kanuni zinazomlazimu mtafiti kuomba kibali, na mwaka 2007 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likafanya mapatano na kampuni ya Novozymes ya Denmark juu ya utafutaji wa viumbe hao na mgawanyo wa faida. Mapatano ya mataifa yaliyofanywa Nagoya, Japani, mwaka 2010, yanafuata shabaha hiyo hiyo. Mwaka huo huo wa 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba Waendorois, waliohamishwa Bogoria katika miaka ya 1970, walinyang'anywa nchi yao isivyo haki. Kwa hiyo neno "fungu" lina wenye kulidai zaidi ya mmoja, na si Nairobi peke yake.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mkeka wa Bogoria una neema tupu. Ndege waitwao heroe, ambao wengi huwaita flamingo, hula mwani wa ziwa, lakini maji ya ziwa ni ya magadi makali. Hivyo huja kwenye vijito vya chemchemi kunywa na kuoga, na pamoja na maji humeza vipande vya mkeka vilivyobanduka. Katika miaka ya 1990 heroe walikufa kwa maelfu. Wengine walitaja madini mazito, wengine kifua kikuu cha ndege. Mwaka 2003 wataalamu walieleza kwamba wamepata katika mikeka ya chemchemi za Bogoria sumu za namna mbili, moja iharibuyo ini na nyingine ishambuliayo mishipa ya fahamu, na kwamba mabaki ya mkeka yalikutwa ndani ya matumbo ya ndege waliokufa. Ubishi juu ya uzito wa kila sababu haukumalizwa na jambo hilo, lakini tangu hapo hakuna achunguzaye vifo vya heroe bila kuutazama utando ule wa kijani.

Katika miaka iliyofuata 2010 maji ya Bogoria yalipanda, yakafunika barabara ya ufukoni, yakafika lango la Loboi, yakameza chemchemi kadhaa ambazo wageni walizoea kuchemshia mayai. Chemchemi iliyo chini ya ziwa haina tena kijito, na pasipo kijito hapana ngazi ya joto. Mikeka iliyokuwa imepanda ngazi hizo, pamoja na wakazi wake ambao bado hawajaandikwa katika daftari la mtu yeyote, sasa ina maji ya magadi juu yake.