Msiniombe Tena Mpango wa Miaka Kumi

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, naletewa ombi lile lile: "Mwalimu, nisaidie kuandika mpango wa maisha wa miaka kumi." Nikiuliza nani kakutuma, jibu ni moja: msemaji wa semina ya hamasa, aliyesimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale.

Mnaujua. Mwaka 1953 wahitimu wa Yale waliulizwa nani ameandika malengo yake. Asilimia 3 tu walikuwa wameandika. Miaka 20 baadaye, eti hao wachache wakawa na mali kuliko wale asilimia 97 wote kwa pamoja.

Utafiti huo haukufanyika. Mwaka 1996 jarida la Marekani, Fast Company, liliwafuata wasemaji mashuhuri waliokuwa wakiusimulia. Wakatupiana mpira wao kwa wao, na Yale hakukuwa na kumbukumbu yoyote. Simulizi nyingine huuhamishia Harvard mwaka 1979. Nayo haina msingi. Imepita zaidi ya miaka 25 tangu jarida hilo liufichue uongo huo, na bado vijana wetu wanalipa kiingilio kuusikia. Linaniudhi hili, kwa sababu kijana ambaye maisha yamekataa kufuata daftari lake hujiona mzembe, kumbe aliuziwa uongo.

Mtaniambia sayansi imethibitisha faida ya malengo. Kweli, lakini someni ilichothibitisha. Mwaka 1975 Gary Latham na James Baldes walichapisha uchunguzi wao kuhusu malori ya magogo huko Oklahoma. Malori yalikuwa yakibeba takriban asilimia 60 ya uzito halali. Madereva walipopewa lengo la asilimia 94, baada ya miezi michache mzigo ulifika karibu asilimia 90. Lengo hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa dereva, na matokeo aliyaona kila safari. "Niwe meneja wa benki ifikapo 2035" lina sifa gani kati ya hizo? Cheo hicho kinategemea bosi, bodi na uchumi ambao hujauona.

Miaka kumi hugeuza nchi. Aliyemaliza shule Nairobi mwaka 2000 asingeweza kupanga kuwa wakala wa M-Pesa; huduma yenyewe ilianza 2007. Tanzania, wako waliosomea ualimu kwa kuwa waliowatangulia walipangiwa vituo moja kwa moja, wakahitimu na kukuta ajira za kuomba na kushindania. Hesabu yao ilikuwa sahihi siku walipoipiga. Kilichowaumiza ni kutokuwa na hesabu ya pili.

Wengine hurukia upande wa pili: basi tuache, riziki hujileta. Nao wamekosea. John Krumboltz, aliyekuja kuwa profesa wa Stanford, aliingia kwenye saikolojia kwa sababu muda wa kuchagua fani ulipomwishia alimkimbilia kocha wake wa tenisi, na kocha huyo alikuwa akifundisha saikolojia. Lakini kwanza alikuwa uwanjani, na akathubutu kuuliza. Mwaka 1999 yeye na wenzake wawili walieleza stadi zinazomfanya mtu anufaike na bahati: udadisi, ustahimilivu, kukubali kubadilika, matumaini na kuthubutu. Zote ni za kufanyia mazoezi, na hakuna hata moja ya mtu aliyeketi akisubiri.

Sasa fanyeni hivi. Panga miezi sita hadi mwaka, usizidishe. Andika malengo ya matendo yako: barua ngapi za maombi, mtihani upi, akiba kiasi gani. Chagua kozi kwa vitu viwili, unachokiweza na stadi zinazohamishika: hesabu, uandishi, lugha, kompyuta. Kabla ya kulipa ada, nenda ukajitolee wiki mbili mahali kazi hiyo inapofanyika. Kila mwezi zungumza na mtu mmoja wa fani usiyoijua. Usikope kwa kutegemea cheo ambacho hujapewa. Weka tarehe ya kuupitia mpango. Kabla ya hapo usiuache kwa uchovu tu, na ikifika usiung'ang'anie kwa aibu.

Na wewe mzazi, acha kumuuliza mwanao atakuwa nani mwaka 2035. Muulize mwezi huu amejaribu nini, kisha mpe nauli ya kujaribu kingine.