Sodiamu iliyomo kwenye chumvi hailipuki

Wanaoniuliza siku hizi huja na pakiti ya chumvi ya mawe ya rangi ya waridi mkononi. "Muuzaji kasema hii haina sodiamu. Sodiamu si ile inayolipuka ikitiwa majini? Mbona tunawalisha watoto?"

Chumvi hiyo ni sodiamu na klorini, sawasawa na ile ya kawaida ya Uvinza. Anayekuuzia kwa maneno mengine anakula pesa yako kwa uongo.

Inayolipuka ni sodiamu ya metali, ambayo bado ina elektroni yake ya kumi na moja. Iliyomo kwenye chumvi ilishaitoa, ikawa ioni, na umbo lake halikubaki lilivyokuwa. Elektroni hiyo ilikaa peke yake kwenye ganda la tatu. Ilipoondoka, ganda zima liliondoka nayo. Zilizobaki ni 10, na protoni zinazozivuta ni zilezile 11. Nusukipenyo hushuka kutoka pikomita 186 hadi 102 hivi. Klorini nayo hupokea elektroni: sasa 18 zinavutwa na protoni 17. Ganda halikuongezeka, ila elektroni zinasukumana zaidi na wingu lao linatanuka, kutoka pikomita 99 hadi 181.

Mwili unavijua vipimo hivi. Ioni ya potasiamu ina pikomita 138, kubwa kuliko ya sodiamu, lakini kwenye utando wa seli kuna mlango unaopitisha potasiamu na kuizuia sodiamu iliyo ndogo! Umbo la mlango wa aina hiyo lilionyeshwa mwaka 1998 na Roderick MacKinnon na wenzake nchini Marekani. Mwaka 2003 alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya Kemia. Ioni hutembea imevaa maji, na ili ipenye mlangoni lazima iyavue. Ndani ya mlango, atomu za oksijeni zimepangwa kwa kipimo cha potasiamu, zinaipokea mahali pa maji. Sodiamu haizifikii zote kwa pamoja, hivyo hung'ang'ania maji yake na kubaki nje. Tofauti ni pikomita 36 tu, na mapigo ya moyo wako yanazitegemea.

Basi: mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Nunua yenye madini joto. Mgonjwa wa figo asiguse chumvi ya potasiamu, ile inayouzwa badala ya chumvi ya kawaida, bila kumuuliza daktari. Na muuzaji wa "chumvi isiyo na sodiamu" mwambie aonje kwanza: ule ukali wa chumvi ulimini mwake ni ioni za sodiamu.