Vitufe vya simu vimepotea baada ya kusasisha? Usikimbilie kuifuta

Umeiacha simu ikichaji usiku, ikajisasisha, ikazima na kuwaka yenyewe. Asubuhi unaishika, unataka kurudi nyuma, kidole kinatafuta kitufe cha chini ya kioo, hakipo. Palipokuwa na vitufe vitatu pamebaki kijistari chembamba. Simu inawaka na namba zako zipo, lakini ukishaingia WhatsApp hujui pa kutokea.

Simu haijaharibika. Kilichobadilika ni namna ya kuiamuru.

Kimetokea nini?

Simu janja nyingi tunazotumia zinaendeshwa na mfumo wa Android. Toleo la 10 la mfumo huo, lililotoka mwaka 2019, lilileta njia ya kutumia simu bila vitufe, kwa kutelezesha kidole tu. Simu nyingi zikisasishwa hubaki na njia ya zamani. Nyingine hubadilika, au huuliza swali ambalo mtu hulikubali bila kulisoma. Na mara nyingine ni mtoto tu aliyekuwa akichezea simu.

Mambo haya huwapata hata wataalamu. Mwaka huohuo wa 2019, kampuni ya Apple ilibadilisha programu inayopokea amri za kuandika kwenye kompyuta zake za Mac. Kwa akaunti mpya, alama ya dola iliyozoeleka kungoja amri ikawa alama ya asilimia. Mafaili hayakuguswa, kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Jaribu hivi kwanza

Kurudi nyuma: telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia kuelekea katikati ya kioo.

Kwenda ukurasa wa mwanzo: telezesha kutoka chini kabisa kwenda juu, kisha achia.

Kuona programu zilizo wazi: telezesha kutoka chini kwenda juu, lakini kidole kikifika katikati kishikilie kidogo kabla ya kuachia.

Simu ikikubali, basi ni nzima.

Kuvirudisha vitufe vitatu

Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno. Simu nyingi zina kisanduku cha kutafutia juu ya ukurasa huo. Kama simu yako iko kwa Kiingereza, andika humo neno navigation. Kwenye Samsung utaipata katika sehemu inayohusu kioo. Kwenye simu nyingine nyingi, katika sehemu ya mfumo. Chagua vitufe vitatu. Vitarudi papo hapo, na hakuna kitakachofutika.

Hatari iko wapi?

Hatari ni kumpelekea fundi asiye makini, akakwambia dawa ni kuifuta simu yote ianze upya. Ukikubali, picha na meseji zilizomo ndani zinaondoka. Namba za watu ulizohifadhi kwenye simu tu zinaondoka, na mazungumzo ya WhatsApp yasiyo na nakala pia. Pesa zako za mtandao hazipotei, kwa sababu hazikai ndani ya simu.

Kuna tatizo lingine. Simu ya Android ikifutwa kwa kubonyeza vitufe vya ubavuni, kwa kawaida hudai akaunti ya Google iliyokuwa ikitumika humo. Wengi wetu tulifunguliwa akaunti hiyo na muuzaji siku ya kununua simu, na nywila hatuijui. Bila akaunti hiyo, simu inaweza kukataa kabisa kufunguka.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mtu simu yako:

- nakili namba muhimu kwenye daftari;
- ingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, uandike barua pepe iliyomo, na uhakikishe unaijua nywila yake;
- toa laini yako ubaki nayo;
- usimtajie fundi namba ya siri ya pesa zako. Kurudisha vitufe hakuihitaji.

Na usiache kusasisha simu kwa kuogopa usumbufu huu. Masasisho huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia. Wakati mwingine simu ikikuuliza swali baada ya kusasishwa, lisome kwanza, au mwombe aliye karibu akusomee, ndipo ubonyeze kukubali.